Ombi la Mara ya Tatu

Kwa Bi Fusae chai haikunyweka kirahisi. Tulikuwa majirani miaka thelathini na mmoja, ukuta wa bustani yangu ukigusana na wake, na kila nilipopita kumpelekea samaki au gazeti, mambo yalikuwa yale yale.

"Tomo, ingia unywe chai."

"Aa, leo nina haraka."

"Kidogo tu, mwenzangu."

"Usijisumbue, Bi Fusae."

"Hebu ingia huko, maji yameshachemka!"

Hapo ndipo nilipovua viatu. Mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni adabu, mara ya tatu ndiyo chai. Ukikubali papo hapo unaweza kumwaibisha mwenyeji, maana huenda hata majani hana. Watu wa kijiji chetu tumekua na jambo hili tangu tunatambaa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nimelilaani mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni na njaa yangu, lakini nilikuwa sijawahi kulivunja mpaka jioni ile ya mwezi wa kumi.

Naendesha teksi hapa Shodoshima, kisiwa chetu cha Japani. Nimebeba watalii wa kila aina, wenye adabu na wenye kutapika, na kisiwa chote nakijua hata nikifumba macho. Bi Fusae yeye alikuwa mtu wa tambi. Aliolewa kwenye ukoo wa Hamaguchi akiwa na miaka ishirini, mama mkwe akamkabidhi vijiti, na tangu wiki ile hadi alipotimiza sabini na sita alikuwa akiamka alfajiri kukanda unga. Tambi za kisiwa chetu ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Unazipaka mafuta ya ufuta, unazisokota, unazizungusha kwenye vijiti viwili, unavuta. Kisha unaziacha zipumzike, unavuta tena, unaziacha tena, na mwisho unazitoa juani na kuzivuta mpaka zimpite mtu kwa urefu. Mumewe, Mzee Kanji, alikuwa kwenye kiwanda cha mchuzi wa soya. Walipata mtoto mmoja tu, Takanori, ambaye alivuka bahari kwenda shule akiwa na miaka kumi na mitano na hakurudi tena isipokuwa kwa sikukuu. Sasa yuko Kobe, anatengeneza lifti za majumba marefu. Ana mke, Mayuko, na binti wa miaka minane, Konoha.

Mzee Kanji alifariki miaka sita iliyopita. Vidole vya Bi Fusae vilipoanza kukakamaa, karakana ya tambi ikafungwa, na akabaki peke yake na redio.

Mwezi wa nane alianguka bafuni. Nilimkuta saa nane mchana, amelala kwenye vigae tangu asubuhi, amejisetiri kwa taulo, na neno la kwanza aliloniambia ni samahani kwa usumbufu. Akaniapisha nisimwambie Takanori. Mguu wa kushoto haukupona sawasawa. Lakini kilichomtesa hasa hakikuwa mguu. Aliniambia siku moja, tukiwa tunamenya machungwa kibarazani:

"Tomo, nikitoka dukani nafungua mlango nasema 'nimerudi'. Kwa sauti kabisa. Halafu nasimama palepale kama mjinga, nangoja."

Kwetu anayeingia husema nimerudi, na aliye ndani humwitikia: karibu nyumbani. Nyumba ile haikuwa na wa kuitikia. Aliogopa kufa humo pasipo mtu, na siku ile alilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Kisha Konoha akampa siri kwenye simu. Baba ametoa maboksi yote chumba cha nyuma. Baba amenunua godoro jipya. Na Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi wote watatu wanakuja kutembea kisiwani, siku moja tu, kwenda na kurudi.

"Wataniomba nikakae nao," Bi Fusae akaniambia. Mashavu yalikuwa yamemwiva kama msichana anayeposwa.

"Basi kubali."

"Nitakubali. Mara ya kwanza nitakataa, kama inavyopasa. Ya pili nitakataa kwa ulaini. Ya tatu nitasema, 'Basi nitakuja kuwasumbua.'" Akalirudia neno hilo huku akiinamisha kichwa, mikono magotini, kama anayejifunza sala. "Nitakuja kuwasumbua. Unaonaje, nimeinama sana?"

"Umeinama vizuri. Na asipofika hiyo mara ya tatu?"

"Takanori? Kazaliwa ndani ya nyumba hii!"

"Acha nimdokeze."

Akanikazia macho. "Ukimdokeza ataniomba kwa sababu umemdokeza. Hapo nitakuwa sijaombwa, nitakuwa nimepelekwa kama mzigo. Niahidi, Tomo. Hata akikuuliza."

Nikaahidi. Nasikitika mpaka leo jinsi nilivyoahidi upesi.

Nyuma ya kabati la viatu, karibu na mlango, alinionyesha furushi la kitambaa cha zambarau. Ndani mlikuwa na nguo mbili tatu, dawa zake, kibao chenye jina la Mzee Kanji alichokiondoa kwenye kikabati cha kuwaombea wafu, na ndara mpya za ndani, za rangi ya udongo, bado zina karatasi. "Sitaki kuvaa ndara za wageni kwenye nyumba ya mwanangu," alisema.

Jumamosi hiyo wote watatu walishuka melini saa tano asubuhi. Mayuko ni mtu mwema, niseme mapema, na kwa kupanga mambo hana mfano. Hata kabla ya kuingia garini alikuwa ameshatoa simu.

"Shangazi Tomo, meli ya kurudi ni saa kumi na moja na robo. Tuna saa sita na sehemu sita. Ukikimbiza kidogo tutamaliza."

"Nikikimbiza kidogo tutamaliza na polisi," nikamjibu.

Takanori akacheka. Bi Fusae alikuwa amesimama ameshika mkono wa Konoha, koti lake zuri la kijivu, nywele amezitengeneza, na bila fimbo. Fimbo alikuwa ameniambia niifiche kwenye buti la gari. Hakutaka waone bibi wa fimbo. Alitaka waone mtu asiye mzigo, na hapo, nikifikiri sasa, ndipo siku yote ilipoanza kwenda kombo.

Kwanza kiwandani, kwenye mapipa ya mchuzi wa soya yanayompita mtu urefu. Konoha akaziba pua.

"Babu yako alinuka hivi miaka arobaini," Bi Fusae akamwambia.

"Na wewe Bibi ulivumiliaje?"

"Mimi nilinuka ufuta. Tukatoshana."

Kisha mbio nyumbani kwa chakula. Ratiba ilitupa dakika thelathini na tano. Bi Fusae alikuwa ameingia karakanani wiki nzima na vile vidole vyake, akavuta tambi za kuwatosha watu watano. Alichelewa kukaa, akawa anasimama kuongeza hiki na kile, kila akisimama anashika ukingo wa meza kana kwamba anaifuta. Konoha alikula bakuli tatu. Takanori alivuta tambi moja juu kwa vijiti akaitazama.

"Mama," akasema, "umefikiriaje kuhusu kuja Kobe? Kukaa nasi. Chumba kipo."

Bi Fusae akacheka kwa kupunga mkono, kama anayefukuza nzi.

"Mimi? Mzee kama mimi nikafanye nini mjini? Nitawasumbua tu."

Vizuri kabisa. Ilikuwa jinsi inavyotakiwa, hata mwalimu asingepata pa kusahihisha. Takanori akaitikia kwa kichwa, Mayuko akatazama saa, tukanyanyuka. Wakati wanavaa viatu, Bi Fusae akanipita karibu na kunigusa ubavuni kwa kidole kimoja. Alikuwa anang'aa.

Kule kwenye hifadhi ya nyani tukapoteza kofia. Nyani dume mmoja, jeuri mkubwa ninayemjua kwa sura, alimvua Takanori kofia yake, akaivaa, akaivua, akainusa, akaitupa.

"Hata nyani hawezi kuvumilia nywele zako," mkewe akamwambia.

"Ni nywele za baba yake," Bi Fusae akadakia. "Walikuwa wanamkimbia hata kunguru."

Tukapanda kwenye kibanda kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma mpaka juu ya magenge. Majani yalikuwa bado hayajawa mekundu, na Mayuko akaomba radhi kwa hilo, kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa kuyapaka rangi. Kutoka kituoni kuna ngazi. Bi Fusae akazipanda zote. Nilikuwa nyuma yake, nikaona mguu wa kushoto ukitetemeka ndani ya soksi, nikanyoosha mkono, akaukataa kwa kiwiko bila kugeuka. Kule juu Takanori ndiye aliyekuwa anahema.

"Mama ana miguu kuliko mimi," akasema. "Mayuko, umeona? Atatuzika sote huyu."

Alisema kwa fahari. Nilitamani kumzaba kofi.

Kilima cha mizeituni ndicho watalii wanachokipenda kuliko vyote. Wanaazima mafagio, wanaruka nayo mbele ya kinu cheupe cha upepo, wanapigwa picha waonekane wanapaa. Niliwahi kuelezwa sababu, nikasahau. Konoha aliruka mara kumi na moja. Kisha akamletea bibi yake fagio.

"Bibi, zamu yako!"

"Konoha, acha," Mayuko akasema.

"Mwache," Bi Fusae akasema, na kabla sijafika, bibi wa miaka sabini na tisa akapanda fagio, akainua koti, akaruka. Haikuwa zaidi ya kimo cha kiganja. Takanori akaipata picha: mdomo wazi, meno nje, macho yamefumbwa kwa kicheko. Aliposhuka chini sikumtazama usoni. Nilisimama kati yake na wao huku akiuinua mguu kwa mikono miwili kuuingiza kwenye gari.

"Unajiua," nikamnong'oneza.

"Bado mara mbili," akaninong'oneza. "Endesha."

Saa tisa u nusu tulifika ufukweni, pale ambapo maji yakipwa njia ya mchanga hujitokeza na watu huvuka kwa miguu hadi kisiwa kidogo. Mayuko alikuwa ameangalia kupwa na kujaa wiki mbili kabla. Takanori na Konoha wakashuka, wakavuka wameshikana mikono. Bi Fusae alisema atabaki alinde viatu. Mayuko naye akabaki, wakakaa kwenye ukuta wa mawe, mimi hatua chache pembeni nikijifanya nafuta kioo cha gari.

"Mama," Mayuko akaanza, "Takanori hajui kusema. Amekipaka chumba rangi mwenyewe. Kina dirisha la mashariki. Mimi pia nakuomba. Tungefurahi sana ukija."

Bi Fusae alitazama mbali, kule mjukuu wake alikokuwa mdogo kama tone, kisha akasema polepole:

"Asante, mwanangu. Asante sana. Lakini kaburi la baba yenu atalifagia nani?"

Mtu yeyote wa kijijini kwetu, hata mlevi, angejua kwamba pale hapakuwa na kukataa. Lilikuwa swali, na lilitaka jibu moja dogo: tutakuja pamoja kila sikukuu ya wafu, Mama. Basi. Lakini Mayuko alizaliwa mbali sana kaskazini, na huko nadhani mtu akisema jambo ndiyo keshasema. Akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Nimeelewa, Mama. Samahani kwa kukulazimisha."

"Hapana, hapana," Bi Fusae akasema. Akangoja. Mayuko naye alikuwa ameshamaliza. Takanori alipovuka kurudi, mkewe alikwenda kumpokea pale mchanga unapoanza, nikaona akitikisa kichwa kidogo, na Takanori akatazama maji. Yalikuwa yameanza kupanda pande zote mbili za njia.

Bi Fusae hakuliona hilo. Alikuwa anavaa kiatu, na aliponipita alinionyesha vidole viwili mbele ya koti. "Mbili," akasema kwa midomo tu. Alikuwa na furaha, Mungu anajua, furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo tangu mumewe afe.

Kutoka pale hadi bandarini ni mwendo wa dakika thelathini na tano. Niliendesha kama nimebeba mayai. Gari la nyuma likapiga honi, nikaliacha lipige. Nilitaka kumpa kijana muda. Takanori alikuwa kando yangu, mama yake na Mayuko nyuma, Konoha katikati yao. Tulipopita mashamba ya mpunga aligeuka.

"Mama."

"Naam?"

Aliramba midomo.

"Ile feni ya bafuni bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Vizuri," akasema, akageuka mbele.

Nilikaza usukani mpaka vidole vikauma. Tukafika kwenye mteremko ambapo bahari inaonekana na moshi wa meli pia. Konoha, aliyekuwa amelala begani kwa bibi yake, akafumbua macho.

"Bibi, kwa nini hutaki kuja kukaa na sisi? Mimi nimekuchagulia pazia."

Niliona kwenye kioo. Bi Fusae alijinyoosha mgongo. Akaweka mikono magotini, vile vile kama alivyofanya mazoezi kibarazani kwake, akainamisha kichwa, akafungua mdomo.

"Basi nita..."

"Konoha!" Takanori alikuwa amegeuka tayari. "Usimsumbue Bibi. Bibi keshatwambia mara mbili, inatosha. Tukiendelea tunamkosea adabu."

"Samahani sana, Mama," Mayuko akasema. "Mtoto hajui."

Sema, nikamwomba moyoni. Sema, mama wee, maliza hilo neno lako. Lakini angelisemaje? Mwanawe ameshatamka mbele ya mke na mtoto kwamba kuendelea ni utovu wa adabu. Akisema nakuja, amemgeuza mwanawe kuwa mtu asiyemjua mama yake. Niliona mdomo ukijifunga polepole.

"Si kitu," akasema. "Mtoto ni mtoto." Akampapasa Konoha nywele mpaka tukafika.

Bandarini Konoha aliona kiu, nikaenda ndani kumnunulia maji. Takanori alikuwa amesimama kwenye dirisha la tikiti, mgongo kwangu. Alikuwa na tikiti nne mkononi. Akaitenga moja, akaisukuma chini ya kioo.

"Hii narudisha. Mtu mzima mmoja, hasafiri."

"Kwa jina la nani?" mwenye dirisha akauliza.

"Hamaguchi Fusae."

Nilisimama na chupa ya maji mkononi. Alikuwa amekuja na tikiti ya mama yake kutoka Kobe, ameitembeza mfukoni siku nzima, kwa mapipa, kwa nyani, juu ya magenge. Akageuka akanikuta. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shangazi Tomo," akasema, "wewe unamwona kila siku. Ana furaha hapa, sivyo? Baba alipokufa nilimvuta aje, nikamvuta na kumvuta, mpaka akalia mbele za watu. Nikaapa sitarudia."

Watu wa kisiwa hiki wanauogopa ulimi wangu. Nimewahi kumfokea mkuu wa kituo cha polisi. Siku ile ulimi ulinata, nikakumbuka ahadi, nikakumbuka "hata akikuuliza", nikasema:

"Ana furaha."

Akashusha pumzi, akaniinamia, akanishukuru.

Kwetu anayesindikiza haondoki mpaka meli ipotee. Bi Fusae alisimama kwenye ukingo wa gati kwa mguu wake mmoja mzima, akapunga. Takanori alikuwa nyuma ya meli, amembeba Konoha juu, wanapunga pia. Waliendelea mpaka sura zikawa hazionekani, mpaka mikono ikawa haionekani, mpaka meli yenyewe ikawa doa. Ndipo akaniambia nimletee fimbo.

Nyumbani akafungua mlango.

"Nimerudi," akasema.

Nilikuwa nyuma yake, nje bado, nikaitikia, "Karibu nyumbani." Haikusikika vizuri ikitoka mgongoni. Akalivuta furushi kutoka nyuma ya kabati la viatu, akalifungua pale pale sakafuni, akatoa kibao cha Mzee Kanji, akakifuta kwa mkono wa koti na kukirudisha mahali pake. Akawasha ubani. "Samahani, nimekuhangaisha bure," akamwambia mumewe. Vilivyobaki alivifunga tena, fundo lile lile, na furushi akalirudisha nyuma ya kabati.

"Watakuja mwaka mpya," akasema. "Pengine hapo."

Sikumwambia habari ya tikiti. Nilijidanganya kwamba namhurumia.

"Tomo, utakunywa chai?"

"Nitakunywa," nikasema.

Akaduwaa. Birika lilikuwa tupu, moto haujawashwa, hata vikombe vya mchana havijaoshwa. Alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia, akajifunika uso kwa koti lake zuri na kulia kama mtoto. Nilivua viatu. Nikachemsha maji mwenyewe.

Mwaka mpya hawakuja, Konoha alishikwa na homa ya mafua. Mwezi wa pili, asubuhi ya baridi, nilimpelekea samaki, nikamkuta ndani ya mlango. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha kupandia ndani, ameegemea ukuta, kiatu kimoja amevua na kimoja bado, mfuko wa vitunguu kando yake. Daktari alisema ni moyo, ghafla, hata hakuteseka. Alikuwa ameshaingia. Kama alisema "nimerudi", hakuna aliyesikia.

Picha ya msiba waliikata kutoka ile ya fagio. Waliondoa fagio, wakaondoa kinu na mizeituni, wakabakiza uso ule unaocheka. Waliofika kuinama mbele yake wote walisema amependeza, alikuwa mtu mwenye furaha. Takanori akawajibu mmoja mmoja: "Tulimwomba mara mbili aje kwetu. Alikipenda mno kisiwa chake." Nilikuwa nimepiga magoti safu ya tatu, nikainamisha kichwa kama wengine.

Siku mbili baadaye tulikuwa tunasafisha nyumba. Takanori alisogeza kabati la viatu, akalikuta furushi. Akakaa kwenye kidato kile kile na kulifungua magotini. Nguo mbili tatu. Dawa. Akazitoa ndara za ndani kwenye karatasi yake, akazigeuza, akatazama nyayo ambazo hazijawahi kukanyaga popote.

"Shangazi Tomo, Mama alikuwa anasafiri kwenda wapi?"

"Kwako," nikasema.

Nikamweleza yote. Kidole kimoja, vidole viwili, neno alilojifunza kibarazani, neno lile ambalo yeye Takanori alilikata garini. Alinisikiliza bila kupepesa, ndara moja kila mkono.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikaikunja ile karatasi ya ndara.

"Nilikuuliza pale bandarini. Kwa nini hukuniambia?"

Nje Konoha alikuwa anarusha mpira ukutani, ukutani kwangu. Takanori alizipanga ndara zile mlangoni, zikielekea ndani, kama zinavyopangwa za mwenye nyumba. Aliuliza mara ya tatu, kwa sauti ndogo sana.